Hemingway: Mzungu aliyesoma tanzia zake akicheka, kisha akaja Shimoni

Ukitoka hapa Mwabungo ukapanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga, unapita Msambweni, unapita Ramisi, halafu unashuka njia panda na kutafuta bodaboda hadi Shimoni. Wengi wetu tukisikia Shimoni tunawaza mapango ya watumwa, mashua za kwenda Wasini, au samaki. Wachache wanajua kwamba Februari 1954, kwenye kambi ya wavuvi pale pale Shimoni, alikuwako mzungu mmoja mwenye ndevu za mvi ambaye mwezi mmoja tu kabla ya hapo magazeti ya dunia yalikuwa yameshatangaza kwamba amekufa.

Jamaa mwenyewe ni Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani. Miezi minane baada ya kukanyaga mchanga wa Kwale akatunukiwa Nobel ya fasihi.

Namleta hapa kwa sababu ya ubishi usioisha kati yetu tunaopenda jukwaa: ati msanii wa kweli lazima awe na wazimu kidogo. Utausikia kwa wachekeshaji, kwa wanaoimba, hata kwa wanafunzi wa tamasha za maigizo za shule, wale wanaopanda jukwaani peke yao na kusimulia hadi ukumbi unapasuka kwa kicheko. Na mtu akitaka kutunga mchezo wa kuchekesha wa mtu mmoja kuhusu sanaa na akili inayougua, maisha ya Hemingway yatampa vituko vya usiku mzima. Kazi ngumu ni kujua wapi watu wacheke na wapi ukumbi unyamaze.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita baipola. Sisi watu wa bahari tunaweza kuuelewa kwa maji kujaa na kupwa. Kuna bamvua: mtu halali, maneno hayamwishi, ana mipango kumi kwa siku, pesa zinamtoka kama maji, na anaamini hakuna asiloliweza. Kisha maji yanapwa hadi miamba inabaki wazi: kuinuka kitandani ni mlima, chakula hakina ladha, na anaona heri asingezaliwa. Tofauti ni kwamba bamvua la baharini mvuvi analijua siku yake. Hili halina kalenda.

Sasa tuwe wakweli. Enzi za uhai wake Hemingway hakuwahi kuutangazia umma kwamba ana baipola. Ni baada ya kifo ambapo madaktari waliosoma barua zake na habari za matibabu yake walianza kulitaja jina hilo. Wengine hawakubali; wanasema kilichomharibu zaidi ni majeraha ya kichwa yaliyorudiwa mara nyingi, na pombe juu yake. Mimi si daktari. Ninachokiona ni kwamba kupanda na kushuka kulikuwepo, na vile vile marungu ya kichwani na chupa vilikuwepo, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia kuandika.

Alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 Oak Park, kitongoji cha Chicago. Mama yake, Grace, alikuwa mwimbaji na mwalimu wa muziki. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa kuwinda na kuvua, naye akamfundisha mwanawe bunduki na ndoano tangu utotoni. Baba huyo alikuwa na vipindi vya huzuni nzito, na mwaka 1928 akajiua. Ernest alikuwa na miaka 29. Miaka mingi baadaye dada yake Ursula na mdogo wake Leicester nao walikufa kwa njia hiyo hiyo, na mwaka 1996 mjukuu wake Margaux. Familia kama hii ingekuwa kwetu, ungesikia mtaa mzima ukisema nyumba ile imetupiwa kitu. Tungetafuta mganga, kisha mganga wa mganga. Kumbe kuna magonjwa ya akili yanayofuata damu, kama presha na kisukari, na hakuna wa kulaumiwa.

Kijana Ernest hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1917 aliingia kwenye gazeti la Kansas City Star, ambako wanahabari walipewa kanuni za kuandika sentensi fupi na maneno ya kawaida. Mwaka uliofuata akaenda vitani Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, na tarehe 8 Julai 1918, hata miaka 19 hajafikisha, bomu likamjeruhi vibaya miguuni. Baada ya vita akaoa, akahamia Paris, akaanza kutunga hadithi.

Hapo ndipo kisa cha kwanza cha jukwaani. Desemba 1922 mkewe wa kwanza, Hadley, alikuwa anamfuata Uswisi. Kwa mapenzi yake akakusanya karibu kila kitu mumewe alichokuwa amekiandika, akakitia ndani ya begi moja ili jamaa aendelee na kazi akiwa huko. Kwenye stesheni ya treni jijini Paris begi likaibwa. Mwizi, nadhani, alifungua akitarajia dhahabu akakuta karatasi. Hemingway alianza upya, hadithi kwa hadithi.

Na alianza vipi? Hii ndiyo sehemu ambayo wapenda wazimu hawapendi kuisikia, na ndiyo inayonivutia mimi kuliko simba na nyati wote aliowapiga risasi. Alikuwa fundi. Aliamka alfajiri akaandika kabla joto halijapanda. Alipokuwa akiishi Cuba aliandika akiwa amesimama, mashine ya kuchapa ikiwa juu ya kabati la vitabu lililomfika kifuani. Kila siku alihesabu maneno aliyoandika na kuyaweka kwenye kadibodi iliyokatwa kutoka boksi, akaitundika ukutani, ili asijidanganye. Siku moja 450, siku nyingine 575, siku nyingine 462, siku ya heri 1,250, kisha anashuka tena hadi 512. Alikuwa na tabia ya kuacha kazi wakati bado anajua kitakachofuata, kesho apate pa kuanzia. Riwaya yake ya A Farewell to Arms ya mwaka 1929, mwenyewe alisema ukurasa wa mwisho aliuandika upya mara 39. Waliochunguza miswada yake baadaye wakakuta miisho zaidi ya hiyo.

Hebu niambie, kichaa gani huyo wa kuhesabu maneno kila asubuhi kama mwenye duka anayepiga hesabu za mauzo?

Ni kweli siku za bamvua zilimpa kasi. Alipenda kusimulia kwamba mwaka 1926, mjini Madrid, aliandika hadithi tatu kwa siku moja. Sisi tunakumbuka siku ile moja ya Madrid tunasahau maelfu ya asubuhi za kadibodi. Na tunasahau pia siku za maji kupwa, alipokuwa anawaandikia marafiki kwamba halali na hana hamu ya lolote. Siku hizo hazikuzaa hadithi. Zilizaa ugomvi, chupa, na talaka. Alioa mara nne.

Afrika Mashariki alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alishuka Mombasa Desemba 1933 akiwa na mkewe wa pili, Pauline. Huko Tanganyika akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, mzungu mkubwa mwindaji akashindwa na tumbo, ikabidi ndege imchukue hadi Nairobi. Njiani wakapita karibu na Kilimanjaro. Kutokana na safari ile ya mgonjwa tumepata The Snows of Kilimanjaro, iliyochapishwa mwaka 1936, hadithi ya mwandishi anayekufa kwa kidonda porini huku akihesabu yote aliyoyachelewesha kuandika. Kabla ya kuondoka alikwenda Malindi kuvua samaki wa maji makuu.

Mara ya pili ni hiyo ya 1953, akiwa na mke wa nne, Mary. Sitaipamba. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, maelfu ya watu wako kizuizini, na serikali ya mkoloni ilifurahi kumpata mtu maarufu wa kuonyesha watalii kwamba nchi ni salama. Akapewa hata cheo cha heshima cha kulinda wanyama upande wa Loitokitok. Pale akapanda juu kweli kweli. Akanyoa kipara, akapaka nguo zake rangi ya Wamasai, akatoka kuwinda kwa mkuki, akamtongoza msichana wa Kikamba. Mtu wa miaka 54! Waliomzunguka walicheka wakasema ndivyo alivyo. Kwa macho ya leo, kuna waliosoma habari zile wakaona ni mgonjwa aliye kileleni.

Kisha zikaja ajali. Januari 1954 alimkodishia Mary ndege ndogo, wakatalii kutoka Nairobi hadi Uganda. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison, ndege ikagonga waya wa zamani wa simu ikaanguka. Wakalala porini kando ya Nile pamoja na tembo. Ndege iliyopita juu ikaona mabaki bila mtu, na habari zikaruka: Hemingway amekufa. Siku ya pili mashua ikawaokota ikawafikisha Butiaba, Ziwa Albert, ambako ndege nyingine ikawangoja. Nayo ilipojaribu kupaa ikaanguka ikawaka moto. Mlango ulikuwa umekwama, na Hemingway akautwanga kwa kichwa chake mpaka ukafunguka.

Ajali mbili kwa siku mbili. Fuvu lilipasuka, ini na figo vikaumia, uti wa mgongo ukaumia, akawa anaona viwili viwili. Na hiki ni kichwa ambacho mwaka 1928 kilishaangukiwa na dirisha la dari kule Paris, na mwaka 1944 kikagongwa kwenye ajali ya gari jijini London.

Nairobi akakuta tanzia zake zimerundikana kutoka kila pembe ya dunia. Akazisoma zote. Alizisoma kama mtu anayesoma mashairi ya harusi yake, huku anakunywa, na akaendelea kuzisoma hata alipofika Venice. Aliandikia jarida la Look masimulizi marefu ya ajali zile, ya kuchekesha kabisa, mwili ukiwa bado umevunjika. Mle ndani alilalamikia jambo moja: kwamba waandishi wengi wa tanzia walidai alikuwa akikitafuta kifo maisha yake yote. Aliona ni upuuzi.

Hapo ndipo Shimoni inaingia. Mpango wa kuvua ulikuwepo tangu mapema, na Mary alishatangulia kambini pamoja na Patrick, mtoto wa Hemingway. Mzee akafika kwa ndege akiwa hawezi hata kukaa vizuri. Wote waliotarajia kumwona akivuta samaki wakubwa wa mkondo wa Pemba walimwona ameketi, anakunywa, anasimulia, na ghafla anawaka hasira kwa watu anaowapenda. Ilikuwa kaskazi, majani yamekauka. Moto wa kichaka ukazuka karibu na kambi. Badala ya kukaa kitini, akajitosa kusaidia kuuzima, miguu ikamsaliti akaangukia motoni. Akaungua miguu, tumbo, kifua, mikono na midomo.

Kwa mtunzi wa vichekesho hii ni zawadi: ndege ya kwanza, ndege ya pili, kisha moto wa kichaka. Ukumbi utacheka, na Hemingway mwenyewe angetaka ucheke. Ila nikiiwaza picha ile, mzee aliyefungwa bandeji anatazama bahari yetu hawezi kuvua, namwona mtu aliyezoea kuwachekesha watu ili wasimwulize anaumwa wapi. Kila mtaa una mmoja wa hivyo. Maskani hainogi bila yeye, na hakuna anayejua usiku analala saa ngapi.

Machi 1954 akapanda meli Mombasa. Oktoba ikatangazwa Nobel; hakuweza kwenda Stockholm kwa sababu ya majeraha, hotuba yake ikasomwa na balozi wa Marekani.

Miaka iliyofuata maji yalipanda na kushuka kwa nguvu zaidi. Jarida la Life lilimwomba makala ya maneno 10,000 kuhusu mchezo wa kupigana na fahali huko Uhispania. Jamaa akaandika maneno kama 120,000, na akashindwa kuyapunguza. Ikabidi rafiki amsaidie kukata. Fundi wa sentensi fupi, aliyejulikana kwa kufuta, sasa hakujua lipi liende lipi libaki. Wengine wanaweza kuita ule wingi ubunifu. Mimi naona mikono imeanza kutetemeka.

Akaanza kuamini kwamba makachero wa FBI wanamfuata. Marafiki wakasema akili imehama. Miaka ya 1980 majalada yalipofunguliwa ikabainika kwamba FBI kweli walikuwa na faili lake tangu miaka ya 1940. Mtu anaweza kuumwa na bado akawa na faili. Jukwaani hapo watu watacheka kisha watajiona vibaya.

Mwishoni mwa Novemba 1960 alilazwa Mayo Clinic, Minnesota, kwa jina la daktari wake wa nyumbani. Watu waliambiwa ni presha. Mnaona? Hata mshindi wa Nobel, Marekani, aliingia kwa daktari wa akili kwa kujificha, kama vile kijana wa kwetu anavyoaga kwamba anakwenda kumwona shangazi Mombasa, kumbe ana kliniki Port Reitz. Akapewa tiba ya umeme, ambayo mpaka leo hutumika, kwa uangalifu zaidi, na huwasaidia wengi. Yeye alilalamika kwamba imemfutia kumbukumbu, na mwandishi bila kumbukumbu ni sawa na mvuvi bila wavu.

Februari 1961 akaombwa aandike sentensi chache tu za pongezi kwa rais mpya, John Kennedy. Akakaa mezani siku nzima. Kesho yake tena. Maneno hayakuja. Daktari wake alipomtembelea alimkuta analia. Anayesema ugonjwa ndio ulioandika vitabu vya Hemingway aipeleke hoja yake kwenye meza ile.

Akarudishwa hospitalini, akaruhusiwa mwishoni mwa Juni, na alfajiri ya tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, akajitoa uhai. Ilikuwa imebaki chini ya wiki tatu atimize miaka 62. Mary aliwaambia wanahabari kwamba ni ajali, na ilipita miaka kadhaa kabla hajakiri hadharani. Simlaumu. Hapa Kenya, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu kile kinakiuka katiba, aliyejaribu kujiua akanusurika angeweza kushtakiwa. Familia ngapi zimesema ajali?

Kuna jambo lingine linaloniuma. Daktari mmoja wa Australia, John Cade, alishachapisha mwaka 1949 kwamba madini ya lithiamu huwatuliza wagonjwa wa aina hii. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1970. Hemingway alikosa kwa miaka tisa. Huenda ingemfaa, huenda isingemfaa, hasa kwa kichwa kilichogongwa vile. Leo ipo, na zipo nyingine, na bado kuna wasanii wanaoziacha kwa kuogopa kwamba wakitulia watakauka.

Patrick aliishi Tanganyika miaka mingi, akafundisha chuo cha wanyamapori cha Mweka. Ndiye aliyeuchukua mswada mrefu ambao baba yake aliuacha bila kumaliza, wa ile safari ya pili ya Kenya, akaupunguza, ukatoka mwaka 1999 kwa jina True at First Light. Ndani yake bado yumo yule mcheshi.

Sasa kama kuna mtu hapa Mwabungo au Diani anataka kuutunga huo mchezo wa mtu mmoja, jukwaani haitaji vitu vingi. Kabati la kufika kifuani, mashine ya kuchapa, rundo la magazeti kwa zile tanzia, na nyuma yake ile kadibodi imetundikwa, namba zake zimeandikwa kwa wino mkubwa ili hata waliokaa mwisho wazisome: 450, 575, 462, 1,250, 512.